Waliniuzia kompyuta moja, ilipoharibika ikawa vipande vinane

Kompyuta ya gemu ya kuungwa ina jambo moja ambalo muuzaji analijua na mnunuzi halijui mpaka yamkute. Siku unayolipa ni mashine moja: bei moja, picha moja yenye taa za rangi, na kijana wa dukani anakwambia "hii mkuu ni mnyama". Siku inayozima, inagawanyika. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, waranti yake iko kwa aliyeiingiza nchini, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ina mwenyewe, pawa saplai inayogawa umeme ndani ya mashine "hiyo tulichukua kwa jirani", Windows si bidhaa yao, keisi ni bati tu. Unajikuta unawadai watu ambao hujawahi kuwaona, na yule uliyempa pesa amekaa pembeni anakupa ushauri.

Seremala wa hapa Mbeya akikuuzia meza na mguu ukakatika, hakwambii nenda Sao Hill ukamuulize aliyepasua mbao. Kwenye kompyuta jibu la namna hiyo linatolewa mchana kweupe, na wengi tunalipokea kwa sababu hatuvijui hivyo vipande.

Mimi naishi Uyole, napiga na kuhariri video za harusi na send-off. Nilitaka mashine ya gemu kwa sababu mbili, na ya kwanza ndiyo niliyomweleza mke wangu: kadi inayochezesha gemu vizuri ndiyo hiyohiyo inayopunguza saa za kutoa video, yaani kompyuta kugeuza uhariri kuwa faili moja lililokamilika. Ya pili hakuiuliza. Duka nililipata Kariakoo kupitia jamaa wa fani yangu, tukaongea WhatsApp, wakanitumia profoma, ile karatasi ya bei kabla ya kulipa, iliyoorodhesha kila kitu: prosesa Ryzen 5 5600, kadi RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 16 yaani vijiti viwili vya GB 8, SSD ya TB 1, na pawa saplai ya wati 650 yenye alama ya 80 Plus Bronze, ambayo ni cheti cha kutopoteza umeme ovyo. Jumla shilingi 2,850,000, kuungwa na kupimwa ni juu yao.

Wakaniuliza swali ambalo kila mtu aliyenunua kitu Kariakoo analijua: na risiti au bila risiti? Bila risiti bei ilikuwa inashuka vizuri tu. Nikachukua na risiti, si kwa uzalendo, bali kwa sababu kazi yangu ina TIN na mhasibu wangu ana maneno. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ikaja imeandikwa "COMPUTER" na kiasi, basi. Karatasi yenyewe ni ile inayochapwa kwa joto, ukiisahau kwenye dashibodi ya gari inabaki nyeupe, kwa hiyo niliipiga picha siku hiyohiyo. Kumbe ile profoma ndiyo ingekuja kuwa na thamani kuliko risiti, maana risiti inathibitisha kwamba nilinunua, lakini haisemi nilinunua nini.

Mashine ikapakiwa basi pale Mbezi, stendi ya Magufuli, ikapita Mikumi, ikapanda mlima wa Kitonga, nikaipokea usiku stendi ya Nanenane hapa Mbeya. Ikawaka. Siku za mwanzo nilikuwa nakata vipande vya video vyepesi, sikuona kitu. Kisha nikafungua gemu.

Ilivyozima ni jambo la kuangalia kwa makini, na laiti watu wa dukani wangenisikiliza hapo tu, tungeokoa wiki nyingi. Haikugandisha picha. Haikuleta ule ukurasa wa bluu wenye maandishi. Kioo kilikuwa cheusi ghafla, feni zikasimama, halafu mashine ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukurasa wa bluu maana yake Windows imepata nafasi ya kuona tatizo na kulitaja. Kuzima namna ile maana yake hata Windows haikujua kama inazimwa. Baadaye ndani ya kumbukumbu zake inaandika Kernel-Power 41, na watu wengi wakiona neno "power" wanadhani wamepata jibu. Hawajalipata. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, sababu haisemi.

Nikawatumia picha ya hiyo 41. Jibu: "Windows hiyo mkuu, ipige upya." Nikaipiga upya. Ikazima.

Jibu lililofuata lilikuwa joto. Hili naomba nilieleze vizuri. Ilikuwa Julai. Anayeijua Uyole mwezi wa saba anajua tunaongea kuhusu nini: mimi nilikuwa nahariri nimevaa koti na soksi mbili, na mtu aliyekaa Kariakoo na feni ya mezani ananiambia kompyuta yangu inazidiwa na joto la chumbani. Hata hivyo nikapima kwa HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vya ndani. Prosesa ilikuwa kwenye nyuzi sitini na kitu, kadi vivyo hivyo. AMD wanaiwekea prosesa hiyo kikomo cha nyuzi 90, NVIDIA wanaiwekea kadi hiyo 93, na zote mbili zikikaribia huko hupunguza kasi kwanza kabla ya kufikia kuzima. Nikawatumia picha ya vipimo. Kimya cha siku mbili tatu, kisha: "Basi umeme wa huko kwenu."

Umeme wa huko kwetu! Hii ndiyo karata ya kila muuzaji wa Dar kwa mteja wa mkoani, na ubaya wake ni kwamba ina ukweli ndani yake. Umeme wetu unakatika, na ukirudi wakati mwingine unarudi kwa hasira. Lakini mimi nilikuwa nimechomeka kwenye UPS, yaani betri ya akiba, na mashine ilikuwa inazima huku taa ya chumbani ikiendelea kuwaka bila hata kupepesa. Tena ilikuwa inachagua: kwenye barua pepe na muziki inakaa kutwa nzima, ukigusa gemu au ukianza kutoa video inakata. Hitilafu ya TANESCO haijui kama unacheza mpira au unaandika barua.

Nikapiga simu, kijana akaniambia nitoe RAM, niisugue zile meno za dhahabu kwa raba ya penseli, niirudishe. Hii ni dawa ya mafundi wote wa nchi hii na mara nyingine inafanya kazi kweli. Nikamkumbusha kuwa keisi ina stika yao iliyoandikwa kwamba ikichanika waranti imekufa. Akanitumia ujumbe wa sauti: "We fungua tu bosi wangu, mimi nimekuruhusu." Nikaufungua upande, nikaukuta ndani mshangao wa kwanza: kijiti cha RAM ni kimoja cha GB 16, si viwili vya 8. Ukubwa ni uleule, lakini vijiti viwili hufanya kazi kwa pamoja kwenye njia mbili na kasi inaongezeka, na kwenye gemu unaiona. Nilisugua hicho kimoja. Ikazima.

Hapo ndipo nilipoibeba kwenda kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, mtu mzima ambaye vijana wote pale wanamwita Mwalimu. Sikumwambia duka linasema nini. Nilimwambia tu inavyozima, naye hakuigusa kibodi kabisa. Aliilaza chini, akatoa pawa saplai kwenye mahali pake, akaigeuza akaanza kusoma stika yake akiwa ameshusha miwani.

"Wamekwambia wati ngapi?"

"650, Mwalimu."

"Hapa wameandika 600. Sasa soma huku chini."

Huku chini kuna jedwali la maandishi madogo ambalo hakuna mnunuzi anayelisoma. Alinionyesha mstari wa volti 12, umeandikwa ampea 28. Zidisha: 336. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi zinaweza kuchota, kwa sababu vitu hivyo viwili vinakula kutoka kwenye mstari huo. Zilizobaki mpaka kufika 600 zimejazwa kwenye mistari ya volti 5 na 3.3, ambayo mashine za siku hizi haziitumii sana, na nyingine zipo kwenye rangi ya stika tu. Pawa saplai ya kweli ya 650, mstari wake wa volti 12 unakaribia wati zote hizo. Alama ya 80 Plus haikuwepo popote. Nyuma kulikuwa na kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, ambacho Mwalimu alisema kwake ni kitambulisho cha umri: za kisasa nyingi zinajirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240.

Nikabisha kidogo. RTX 3060 inakula wati 170, prosesa yangu ikifika mwisho haizidi sana 76, jumla haifiki 250, si ingetosha? Akacheka. Akaniambia 170 ni wastani, kadi hizi huruka juu ya hapo kwa muda mfupi mno, na pawa saplai dhaifu ikirukiwa hivyo inajikinga kwa kukata. NVIDIA wenyewe kwa kadi hiyo wanashauri 550, na wanamaanisha 550 za kweli.

Akachomeka multimita kwenye waya wa njano na mweusi. Mashine ikiwa imetulia: volti 12.1. Tukawasha gemu. Ikashuka 11.6, 11.4, nikaiona 11.2, kisha giza. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani isishuke chini ya 11.4. Akaniazima pawa saplai yake, nikarudi nayo Uyole, nikaichomeka kwenye soketi ileile, umeme uleule, Julai ileile, nikatoa video ya harusi nzima usiku huku nimelala. Asubuhi faili lilikuwepo.

Nilidhani kazi imeisha. Nina video ya multimita, nina picha ya stika, mtu mzima yeyote ataelewa. Jibu la dukani: "Mkuu, umefungua keisi. Stika imechanika. Waranti hapo hakuna." Nikawarudishia ule ujumbe wa sauti wa kijana wao. Wakasema huyo kijana hana mamlaka hayo. Nikauliza pawa saplai iliyo kwenye profoma iko wapi. Wakasema ile iliisha siku hiyo, wakaweka "inayolingana nayo". Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Hapo ndipo vile vipande vilipoanza kutajwa kimoja kimoja na wenye navyo: hii ya fulani, ile ya jirani, kadi usije ukaidai kwetu. Na mwisho wa yote, eti mashine ilitikiswa ndani ya basi pale Kitonga.

La basi nalo lina ukweli wake, niseme ili mtu asije akajifunza vibaya kwangu. Kadi kubwa inaning'inia kwenye tundu moja na skrubu moja au mbili. Kusafirisha mashine ikiwa nayo ndani kutoka Dar hadi huku ni kuiombea dua. Itolewe, ifungwe kwenye boksi lake, irudishwe ikifika. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya aliyefunga mzigo, na mtikisiko wa Kitonga haubadilishi maandishi ya stika kutoka 650 kuwa 600.

Walikubali kuipokea kwa sharti kwamba niitume mwenyewe kwa gharama yangu. Nikaituma, kadi nikiwa nimeitoa kwa mikono yangu. Baada ya muda ikaja video: mashine yangu juu ya kaunta yao, YouTube inapiga muziki, na sauti ya kijana, "Iko fresh mkuu, kutwa nzima haijazima."

Hapa ndipo watu wengi wanashindwa. Muuzaji anapima kitu kwa namna ambayo hakiwezi kushindwa, kisha kipimo chake kinakuwa ushahidi dhidi yako, na wewe uko kilomita zaidi ya mia nane. Nina binamu yangu anasoma Dar. Nikamtumia kiungo cha Unigine Superposition, programu ya bure inayochora chumba cha profesa huku vitu vikielea, na inaibana kadi kama gemu inavyoibana. Nikamwomba aiweke kwenye flashi, aende Jumamosi mchana duka likiwa na watu, asibishane na mtu, aseme tu: "Kaka, naomba tuiwashe hii, mimi nasubiri."

Kijana akamwambia programu hizo zinaua kadi. Binamu akasema sawa, ikifa mtamwambia mwenyewe, na simu yake akaishika mkononi inarekodi. Chumba cha profesa kikatokea, wateja wawili wakasogea kuangalia maana kinapendeza, na kabla hakijafika mwisho kioo kikawa cheusi. Kijana akasema, "Ah, umeme umekatika." Taa za duka zote zilikuwa zinawaka. Feni ya darini ilikuwa inazunguka. Binamu ananiambia hakuna aliyecheka kwa sauti, ila mteja mmoja alirudisha boksi alilokuwa ameshika juu ya kaunta.

Bado wakasema: tutabadilisha, ila ongeza shilingi 150,000 kwa sababu nzuri ina bei yake.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, na ndani yake sikutaja kuzima hata mara moja. Kuzima kuna mjadala; joto, umeme, basi, Windows, kila mtu ana lake. Niliandika: profoma yenu ya tarehe fulani inasema pawa saplai wati 650 yenye 80 Plus Bronze na RAM vijiti viwili, ndani ya mashine kuna hii, picha imeambatanishwa, nililipa kiasi hiki, risiti ya EFD imeambatanishwa. Kisha nikaweka mistari miwili ya sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na anayewajibika ni aliyekuuzia, si aliyemuuzia yeye. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Nikawapa siku saba, na pale chini nikaandika "Nakala: FCC". Mwalimu aliisoma akasema ni barua nzuri ila nimeweka "tafadhali" nyingi mno. Nikapunguza.

Jioni ya siku niliyoituma nilipigiwa na mwenye duka mwenyewe, mtu ambaye kwa miezi yote hiyo nilikuwa naambiwa amesafiri. Sauti ya upole kabisa. "Mwanangu, haya mambo mbona tungeyamaliza wenyewe tu, kuna haja gani ya kufika huko?" Nikamwambia shikamoo mzee, hakuna haja kabisa, nataka tu kilichoandikwa kwenye karatasi yenu. Hakuuliza habari ya stika wala ya Kitonga. Pawa saplai ya 650 ikawekwa, safari hii binamu aliisoma stika yake kabla hawajafunga keisi: volti 12, ampea 54. Laki na nusu haikutajwa tena. Kuhusu RAM mzee alisema hiyo "haina tofauti", na mimi kijiti cha pili nilishanunua Mwanjelwa, nikaiacha.

Tangu hapo watu wa fani yangu wa Tukuyu na Makambako wakitaka mashine wananiuliza, na kitu ninachowaambia waandikishe kwenye profoma kabla ya kulipa ni sentensi moja: waranti ni ya mashine nzima, na inatolewa na duka hili. Duka moja lilikataa kuiandika, tukaenda lingine. Nawaambia pia waombe picha ya stika ya pawa saplai, ile ya ndani yenye jedwali, si ya boksi. Wauzaji wengi hukasirika ukiwaomba hiyo. Mmoja aliituma papo hapo bila neno, na huyo ndiye tunayenunua kwake sasa.

Gharama ya kusafirisha mzigo kwenda Dar na kurudi hawakunirudishia. Nilimwandikia mzee kwa adabu nikimtumia stakabadhi za basi zote mbili. Akasoma, zile tiki mbili zikawa za bluu, na kesho yake nikakuta picha yake haionekani tena na ujumbe wangu hauendi.